Kiwiko cha Vittel na Picha Ambazo Hazikungojwa

Adhabu ya kwanza ilitosha. Peter Sagan alikuwa ameshashushwa hadi nafasi ya 115 ya hatua, ameongezewa sekunde 30 na kukatwa pointi 80 za jezi ya kijani. Yeyote aliyeitazama sprinti ya baiskeli ya Vittel, Jumanne ya Julai 4, 2017, ambamo Mark Cavendish aliangukia uzio kando ya Sagan, angeweza kuimeza hukumu hiyo hata kama imemkaa kooni. Kisha jopo la waamuzi chini ya Mbelgiji Philippe Mariën likarudi kwenye skrini, likatazama marudio tena, likatoka na jambo jingine kabisa: bingwa wa dunia afungashe virago. Tour de France yake ikaishia siku ya nne.

Hukumu ile ilikuwa mbovu siku ileile ilipotolewa, na ubovu wake ulianzia kwenye kamera. Kulikuwa na picha nyingine za tukio lilelile. Waamuzi hawakuzingoja.

Hatua yenyewe haina haja ya kusimuliwa upya. Kilomita 207.5 kutoka Mondorf-les-Bains, Guillaume Van Keirsbulck akijichosha mbele peke yake karibu njia nzima, Geraint Thomas akiponea chupuchupu kubaki na jezi ya njano baada ya kuanguka karibu na mwisho, Arnaud Démare akishinda. Alishinda vizuri. Hata hivyo, wanaopenda kumnyooshea Sagan kidole kwa kuacha mstari wake wangefanya vyema kumtazama pia Démare alivyoyumba kuelekea kulia mbele ya pua ya Nacer Bouhanni. Hilo halikumpeleka mtu yeyote chumba cha waamuzi.

Siku mbili kabla, Jumapili ya Julai 2, dunia ya soka ilikuwa St. Petersburg kwa fainali ya Kombe la Mabara. Gonzalo Jara wa Chile alimpiga Timo Werner kiwiko cha uso, mpira ukasimamishwa, mwamuzi Milorad Mažić akakimbia pembeni, akaangalia skrini, akarudi na kadi ya njano. Dunia nzima ikacheka, na VAR, mfumo wa waamuzi wa video, ikapigwa mawe. Lakini angalau Mažić alikosea upande wa huruma, huku kiwiko kikiwa kimetua usoni mbele ya macho ya wote. Huko Vittel kiwiko ambacho hakuna aliyeweza kuonyesha kwa uhakika kilimgusa nani, na lini, kilimtoa mtu mashindanoni.

Sasa twende mita 150 za mwisho, polepole.

Démare anaanza kusogea kulia. Sagan, aliyekuwa akilitafuta gurudumu la Mfaransa huyo, anamfuata. Mark Cavendish anakuja kwa nyuma na kuchagua njia iliyobaki kati ya Sagan na uzio wa vyuma. Ni njia nyembamba, na inazidi kuwa nyembamba kwa sababu Sagan bado anasogea. Hapo ndipo kosa la Sagan lilipo, na halifichiki: kanuni namba 2.3.036 ya UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, inamkataza mpiga sprinti kuacha mstari aliouchagua na kwa kufanya hivyo kuhatarisha wengine. Sagan aliuacha. Kwa hilo unashushwa, unakatwa pointi, unaomba radhi, na Sagan alikwenda mwenyewe kwenye basi la Dimension Data, timu ya Cavendish, kuomba radhi.

Kisha kinakuja kiwiko. Kwenye picha ya mbele, ile iliyorudiwa na televisheni usiku kucha, mkono wa kulia wa Sagan unafunguka kama mlango na Cavendish anaruka kwenye uzio. Ukiiona mara moja tu utaapa kwamba umeona ngumi. John Degenkolb na Ben Swift wanamwangukia. Cavendish anainuka akiwa ameushika mkono. Mfupa wa bega umevunjika, naye pia Tour yake imekwisha.

Hiyo picha ya mbele ndiyo iliyomhukumu Sagan, na ndiyo picha dhaifu kuliko zote. Kamera inayotazama sprinti kutoka nyuma ya mstari wa kumalizia hutumia lenzi ndefu inayovuta watu walio mbali, na lenzi ya namna hiyo hubana umbali. Mtu aliye mita mbili nyuma ya mwingine huonekana amebanana naye bega kwa bega. Haiwezi kukuambia kiwiko kilifika mwilini au kilipita hewani mbele ya mtu ambaye tayari anaanguka. Kila mpiga picha wa viwanja vya soka anajua hili. Ndiyo maana mstari wa kuotea hauamuliwi na kamera iliyo nyuma ya goli.

Picha ya juu, ya helikopta, inasimulia habari tofauti. Inaonyesha Cavendish akiegemea kuelekea Sagan, miili ikigusana, baiskeli ya Cavendish ikianza kwenda mrama, na baada ya hapo mkono wa Sagan unafunguka. Mpangilio ndio kila kitu hapa. Mkono ukifunguka kwanza, ni shambulio. Ukifunguka baada ya kuguswa, ni mtu anayetafuta mizani ili naye asiende chini, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuguswa usukani akiwa kwenye kasi amelifanya bila kufikiri.

Hesabu kidogo. Kwa kasi ya kilomita 65 kwa saa, baiskeli hula mita 18 kila sekunde. Televisheni ya Ulaya hurusha picha 25 kwa sekunde. Maana yake kati ya picha moja na inayofuata, Sagan na Cavendish wamesogea takriban sentimita 72, na ndani ya pengo hilo mguso unaweza kuanza bila kamera kuuona. Swali la nani alimgusa nani kwanza lilikuwa limejificha ndani ya picha mbili au tatu. Ili kulijibu unahitaji pembe nyingi zilizopangwa kwa muda mmoja, na mtu mwenye subira ya kuzipitia.

Badala yake wakatumia mwendo wa polepole. Mwendo wa polepole una hila yake: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la kisayansi la PNAS la Marekani ulionyesha kwamba watu wakitazama kitendo cha fujo kikiwa kimepunguzwa kasi huamini zaidi kwamba mtendaji alikusudia, kwa sababu ubongo unadhani alikuwa na muda mrefu wa kufikiri. Sagan hakuwa na muda huo. Marudio yalimpa muda ambao barabara haikumpa, kisha akahukumiwa kwa kuutumia vibaya.

Na hakusikilizwa. Timu yake, Bora-Hansgrohe, ilisema katika rufaa yake kwamba jopo liliamua bila kumsikiliza mshtakiwa. Hata mwizi wa kuku hupewa nafasi ya kujieleza. Ulikuwa mwanzo wa Julai mashariki mwa Ufaransa, jua linachelewa kuzama, hatua iliyofuata ni kesho mchana. Hakuna kilichowalazimisha waamuzi kumaliza kesi kabla ya chakula cha jioni. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ikakataa ombi la dharura la kumrudisha Julai 6, na kesi yenyewe ikasogezwa hadi Desemba. Mtu anayeshinda kesi ya Tour mwezi Desemba ameshinda karatasi.

Ndivyo ilivyokuwa. Desemba 5, 2017, UCI, Sagan na Bora-Hansgrohe walifikia makubaliano mbele ya CAS, mjini Lausanne. Baada ya kupitia ushahidi uliowasilishwa, zikiwemo picha za video ambazo jopo la Julai halikuwa nazo, pande zote zilikubaliana kwamba ajali ilikuwa tukio la bahati mbaya la mashindano na haikukusudiwa. Kwa heshima ya waamuzi ikaongezwa kwamba waliamua kwa busara yao kulingana na hali ya siku ile. Sentensi hiyo ya mwisho ni ya kidiplomasia, kwani kama hali ya siku ile ni kukosa picha, busara ilikuwa kuacha adhabu ya kwanza isimame na kuzitafuta picha.

Gharama yake? Jezi ya kijani ya mwaka ule ikaenda kwa Michael Matthews. Sagan alikuwa ameichukua mara tano mfululizo, 2012 hadi 2016, na alihitaji moja tu kumfikia Erik Zabel mwenye sita. Aliipata 2018 na tena 2019, akafika saba, kwa hiyo vitabu vya rekodi havikumlilia. Cavendish naye, aliyekuwa na ushindi wa hatua 30, alisubiri hadi 2021 kumfikia Eddy Merckx kwenye 34 na hadi 2024 kumpita.

Waamuzi wa zamani walijua kupima. Mwaka 2005, kwenye hatua ya tatu iliyoishia Tours, Robbie McEwen alimwegemezea Stuart O'Grady kichwa mbele ya mstari, na kila kamera ilikiona kichwa hicho. Alishushwa mkiani mwa kundi. Hakufukuzwa, na Tour ileile akashinda hatua tatu, akatupatia sprinti ambazo wapenzi wa mchezo huu bado wanazisimulia. Waliofukuzwa walifukuzwa kwa mambo yasiyohitaji marudio: Tom Steels alirusha chupa ya maji kumlenga Frédéric Moncassin mwaka 1997, Mark Renshaw alimpiga Julian Dean vichwa mfululizo mwaka 2010 akimfungulia njia Cavendish huyuhuyu. Na mwaka 2013 kule Saint-Malo, Cavendish alipomgonga Tom Veelers, na Veelers akaanguka barabarani karibu na mstari, adhabu ilikuwa sifuri. Kizazi cha Zabel, Cipollini na McEwen kilipigana kwa mabega siku zote, na mara nyingi kilimalizana chenyewe kabla ya kufika kwa mwamuzi. Hao ndio watu wa sprinti.

Sasa wimbo wa zamani wa safu hii: kamera ya usukani.

UCI ilianza kuruhusu kamera ndogo kwenye baiskeli za mashindano mwaka 2014. Mwaka uliofuata kampuni ya GoPro ilikuwa imeshaingia ubia na umoja wa timu wa Velon na pia na waandaaji wa Tour. Tangu hapo tumepewa filamu fupi nzuri za ndani ya kundi, na muziki juu yake, zinazotoka baada ya hatua kumalizika. Watu wamefurahi. Lakini kamera hizo zilichukuliwa kama mapambo ya burudani. Hakuna aliyeweka kanuni kwamba kumbukumbu zake ziende kwa waamuzi ndani ya saa moja kila inapotokea ajali. Kamera moja chini ya usukani wa mtu aliyekuwa nyuma ya Cavendish ingeonyesha kiuno, usukani na kiwiko kutoka umbali wa mita mbili, bila lenzi ndefu ya kubana chochote.

Kisingizio cha uzito kimekufa siku nyingi. Baiskeli ya mashindano hairuhusiwi kushuka chini ya kilo 6.8, na mafundi wa timu wamekuwa wakihangaika kuongeza uzito ili kufika hapo. GoPro Hero4 Session iliyotoka Julai 2015 ilikuwa na gramu 74, pungufu ya yai moja na nusu. Iwekwe chini ya usukani ikitazama mbele, nyingine chini ya kiti ikitazama nyuma, na saa zake zilinganishwe asubuhi kabla ya kuondoka. Kazi hiyo ni ya fundi mmoja na dakika chache.

Na kamera za barabarani zimewaumiza waendeshaji mno kwa kitu kinachodaiwa kuwapo kwa ajili yao. Julai 3, 1994, Armentières, askari polisi alisimama ndani ya uzio apige picha ya sprinti. Wilfried Nelissen alimgonga kwa kasi yote, Laurent Jalabert akaruka juu yake na kuinuka uso umejaa damu. Mwaka 2011 gari la televisheni ya Ufaransa lilimgusa Juan Antonio Flecha, naye akamsukumia Johnny Hoogerland kwenye waya wa miiba. Miguu yake ilishonwa nyuzi zaidi ya 30. Mwaka 2016 kwenye Mont Ventoux pikipiki ya televisheni ilisimama ghafla ndani ya umati, Richie Porte akaivaa, na Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefundwa na David Kinjah, akaonekana akipanda mlima kwa miguu akiwa na viatu vya baiskeli. Siku ile angalau waamuzi walipima wakampa muda aliostahili. Lakini kila pikipiki inayoondolewa barabarani na nafasi yake kuchukuliwa na kamera ya gramu 74 ni hatari moja iliyopungua.

Inachekesha kwamba wakati jopo la Tour likihukumu kwa picha ya lenzi ndefu, polisi wa Birmingham walikuwa wameshazoea ushahidi wa kamera ya baiskeli. Septemba 2016 polisi wa West Midlands walianzisha operesheni ya kuwanasa madereva wanaowapita waendeshaji kwa karibu mno. Askari aliyevaa kiraia alipanda baiskeli yenye kamera, dereva aliyembana alisimamishwa mbele kidogo, na wengi walioneshwa kwenye turubai lililotandikwa chini nafasi ya mita 1.5 inavyoonekana. Operesheni hiyo ikaigwa na vikosi vingine vya Uingereza. Polisi wa huko wamejifunza mambo ambayo Mariën na wenzake walipaswa kuyajua: video ije nzima, bila kukatwa, ikiwa na sekunde za kabla na baada ya tukio ili ionekane nani alianza, tarehe na saa ziwe sahihi, na lenzi pana ya kamera za baiskeli husogeza vitu mbali, kwa hiyo gari lililoonekana limepita kwa nafasi ya kutosha huenda lilipita kwa upana wa kiganja. Lenzi ndefu hubana, lenzi pana husukuma mbali. Anayehukumu kwa picha lazima kwanza aulize imepigwa kwa lenzi gani.

Waendeshaji wa kawaida hawana helikopta. Miezi miwili kabla ya Vittel, Mei 9, 2017, Froome alikuwa mazoezini kusini mwa Ufaransa alipogongwa na gari ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe siku ileile, lilimfuata hadi juu ya njia ya waenda kwa miguu na kumgonga makusudi. Yeye hakuumia, baiskeli ikabaki imepindika kama ndoana. Alichokuwa nacho mkononi ni picha ya baiskeli iliyoharibika na neno lake. Bingwa mara tatu wa Tour wakati huo, aliyekuja kuwa bingwa mara nne Julai ileile, na bado ushahidi wake ulikuwa mdogo kuliko wa karani wa Birmingham anayekwenda kazini na kamera kwenye kofia.

Baada ya makubaliano ya Desemba, rais mpya wa UCI, David Lappartient, alitangaza kwamba kuanzia msimu uliofuata kungekuwa na mwamuzi wa ziada mwenye utaalamu wa video katika mashindano makubwa ya WorldTour. Ilikuwa hatua sahihi, na ilikuwa ungamo kwa jina jingine. Huyo mwamuzi wa video ndiye mtu ambaye Vittel ilimkosa: mtu asiye na kazi nyingine ila kukusanya pembe zote, kuzilinganisha kwa muda, na kumwambia rais wa jopo kwamba picha fulani bado haijafika.

Kazi yake ilijaribiwa kwa mtu yuleyule. Septemba 9, 2020, sprinti ya Poitiers, Sagan alijipenyeza kati ya uzio na Wout van Aert, akamsukuma kwa bega ili apate nafasi, akamaliza wa pili nyuma ya Caleb Ewan. Safari hii mguso ulionekana wazi kutoka mbele na kutoka juu, na aliyeanza alijulikana. Wakamshusha mkiani mwa kundi alilofika nalo na kumkata pointi, pigo kubwa kwa mtu aliyekuwa akimkimbiza Sam Bennett kwenye jezi ya kijani. Van Aert alimtolea maneno na kidole baada ya mstari. Asubuhi iliyofuata, Chauvigny, wote wawili walianza hatua ya 12.